Kenge haina sumu

Hewa Bora, siku ya ine, mangaribi

Mukwe, bwana ya binti yangu, ananibishia mbele ya bibi yangu! Miye, mwenye niliua kenge mingi kule Lukafu, yeye hajazaliwa.

Asubui kenge kubwa iliingia mu nyumba ya bata. Nikaivuta mukila na mukono bule, vile tulizoea. Ikageuka, ikaniluma mukono ya kuume.

Mukwe anasema: «Papa, kenge iko na sumu mu meno. Ikisha kuluma nyama, damu inakatala kusimama, nyama inazimia pole pole. Twende ku opitali.»

Bongo tupu, anadanganya! Nimeona na macho yangu: inakamata bata, inamutikisa, inamupiga chini mpaka shingo inavunjika, kisha inamumeza. Sumu ya nini?

Akataka kushika mukono yangu afunge kitambaa. Mukwe, kugusa baba-mukwe! Kwetu haiko. Nikamufukuza.

Sasa minaandika na kushoto. Kidonda iko kidogo, lakini kitambaa ingine imelowa tena, damu haitake kusimama. Minaogopa, basi.

Nimetuma binti yangu aite bwana yake, alete motokari. Atanipeleka. Atanishika mukono kama iko lazima. Lakini mu njia anyamaze.