Macho ya Baba Yaliyokungoja

Kaka,

Huku tu wazima, tuliobaki. Cherehani ya Baba nimeifunika shuka; sindano bado ina uzi aliotunga mwenyewe, bila miwani, na miaka yake sabini. "Macho haya msiyazike," alikuwa akitutania, "bado yana kazi." Hata hospitali alishajiandikisha kuwaachia wasioona akifa.

Alipokata roho, daktari alisema yanafaa kwa saa chache tu. Mama akagoma kutia sahihi: "Mpaka kifungua mimba wangu aseme." Tukakupigia weee, simu imezimwa. Muda ukapita. Daktari akatupa pole, akaenda wodini kumwambia mwalimu mmoja kipofu, aliyekuwa akiyangoja, avae nguo zake arudi nyumbani.

Ulipopiga jioni, Mama alikuambia hakukuwa na jambo jingine ila msiba. Mwalimu alipotoka hospitali, nilimfungulia mlango mimi. Alinishukuru sana.

Mdogo wako