Dizeli ya Tajiri Muhidini

Chiku mwanangu,

Maharage yako jikoni. Yaongeze maji, usiyaunguze kama juzi. Futa damu mlangoni kabla mdogo wako hajarudi kutoka chuo cha Kurani.

Asubuhi tajiri Muhidini alikuja amefura. Anasema pikapu yake inakula dizeli mno baba yako akiiendesha safari za Iringa, kwa hiyo anaiuza dizeli hiyo njiani. Baba akamjibu, "Tajiri, unaijaza mpunga wa Ubaruku mpaka springi zinalala. Kwenye milima hii itaacha kula mafuta?"

Muhidini akampiga hendeli ya jeki mdomoni, meno yakamwagika. Alipoiinua tena amlenge kichwa, nikanyakua mchi wa kinu nikamvunja mkono. Nilisikia mfupa ukilia.

Polisi walipofika, baba yako akasema mchi aliushika yeye. Wakamtia pingu wakaondoka naye.

~~Nendeni mkalale kwa shangazi Waridi.~~ Hapana, kaeni hapa. Funga mlango, usimfungulie mtu wa Muhidini.

Mimi naenda kwa polisi bomani kusema ukweli. Baba akirudi peke yake, mpe uji uliopoa, na umwambie asinifuate.

Mama yako