Mtu wa Dirishani

Baba,

Huu ni mwezi wa nne tangu ututoke, na mimi bado nalipekua kabati lako kama askari wa forodha.

Nimeisoma yote ile historia uliyoiandika ya mji mdogo wa kusini mwa Marekani, ulikosomea chuo kabla ya mapinduzi ya kwetu Unguja. Maktaba ya kule inakusanya habari za mji wao, wameiomba. Nilianza kuipiga chapa kwa fahari: stesheni ya treni, chuo cha watu weusi juu ya kilima, kinyozi kiziwi, mkahawa uliokuwa ukiwafukuza weusi. "Tulisimama nje siku kumi na moja, mimi na Harold," umeandika. Harold, uliyekaa naye chumba kimoja, uliyemwita ndugu yako.

Lakini ukurasa unaofuata unausifu mchuzi wa maharage wa mkahawa huohuo, na vitambaa vya meza vya mirabaraba. Mtu aliyesimama nje kaujuaje utamu wa mchuzi?

Nikamuuliza Shangazi. Akanikunjia uso: "Wee, marehemu hasemwi. Khalas!" Hapo nikazidi kushuku, maana dada yako hajapata kunyamaza bure.

Wiki iliyopita maktaba wakanitumia picha ya zamani. Vijana wamesimama mbele ya mkahawa na mabango, Harold katikati. Nyuma yao, dirishani, kijana wa kanzu na kofia amekaa mezani, kijiko mkononi. Walio nje wote wameandikwa majina. Wa ndani: hajulikani. Wananiuliza kama namjua.

Masikio yale nayajua. Ndiyo haya yangu.

Wamenieleza kwamba siku zile mweusi wa palepale alifukuzwa, lakini Mwafrika akija na vazi la kwao alihesabiwa mgeni, akavutiwa kiti. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi ofisini, unaivua kwanza dishdasha, kanzu yako ya kutokea, ndipo unakula. Harusini, ukiwa umeivaa, hukuwa ukigusa sinia. "Nna tumbo leo, mwanangu." Kila harusi, tumbo! Na siku ile tulipokwenda kula samaki mkahawani kule Matrah, ulikataa kukaa mpaka dereva wa teksi aliyetuleta aingie ale nasi. Nilijivuna kuwa nina baba mkarimu. Sasa hata wema ule naushuku, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ungeniambia, Baba. Ulikuwa na njaa? Uliogopa? Au ulichoka tu kusimama? Ningekununia siku mbili, ya tatu ningekuletea chai ya maziwa.

Shangazi anataka nijibu kwamba simjui. Ni rahisi, wallahi. Harold naye keshafariki, nani atauliza? Lakini nimezishusha dishdasha zako zote nizigawe sadaka, nikazikagua moja moja chini ya taa. Miaka yote hiyo, hakuna hata moja yenye doa la mchuzi.

Basi kwaheri, Baba. Mungu akurehemu na akusamehe. Mimi bado najaribu. Nakuahidi historia yako itakwenda kama ulivyoiandika, sitabadili neno. Na picha itakwenda pamoja nayo. Pale walipoandika hajulikani nitapafuta, niandike kwa mkono wangu: huyu aliyekaa ndani ni baba yangu.

Binti yako,
Thuraya