Sahani Chini ya Kawa

Ng'ambo,
Tabora.
26 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Ghalibu,

Tumepoteza pilau ya Ijumaa hapa nyumbani. Imetutoka tarehe 9 Mei, mchana, na tangu hapo Shangazi Manal hajashika mwiko. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa nakujua, salamu huzisomi.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe, mkeo Jihan na watoto? Yule mdogo kifua kimepona? Sisi huku wazima wa mwili. Duka la vipuri linakwenda; mimi niliyeanza na pampu moja ya baiskeli, upande huo sina la kulalamika.

La kulalamika ni lako. Ulikuja Tabora kikazi siku nne, kukagua minara ya simu. Kufikia hotelini sikulaumu, kampuni ndiyo inayolipa. Lakini siku ya kwanza tu ukawatangazia walimwengu kwenye simu: Tabora wapi panaliwa vizuri? Wakakujibu watu wasiokujua. Ukala chipsi zilizopoa, kesho yake nyama choma ngumu, ukapiga picha na kunung'unika. Kutoka hotelini kwako hadi mlango wetu ni bodaboda ya shilingi elfu moja. Mji huu ulilisha misafara ya watu usiowajua, ukashindwa kumlisha mtoto wake.

Nami kosa langu ni kumwambia Shangazi kwamba umefika. Desturi yake unaijua: mtu wake akiwa mjini, chakula chake hupakuliwa kwanza, hufunikwa kawa, na hakiguswi mpaka mwenyewe atokee. Nikamwomba nikufuate, akakataa. Alisema mgeni hupiga hodi mwenyewe, haburutwi kutoka meza za watu. Nikamtii. Laiti ningalikaidi.

Ijumaa ukapata ulichotafuta, kwenye mgahawa mdogo wa Isevya. Ukala pilau, ukaagiza sahani ya pili. Hukujua kwamba mwenye mgahawa, Benedikta, alijifunzia pilau hiyo jikoni kwetu, mkononi mwa Shangazi. Alipokuuliza jina akakutambua, lakini dereva wako alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Maskini, akapanda bodaboda kutuletea habari njema. Akasimulia huku anacheka jinsi ulivyokula ukafumba macho, kisha ukamwambia: "Kuna mama alinilea, alikuwa akipika hivihivi. Sasa amezeeka, mkono wake umekwisha."

Wewe hilo umelijulia wapi? Mara ya mwisho kula kwake ilikuwa mwaka 2016.

Shangazi aliinuka. Alifunua kawa, akaonja kijiko kimoja cha pilau yako. Halafu akasema, "Kweli. Umekwisha." Sufuria kubwa akaiosha mwenyewe, akaifudikiza juu ya kabati. Sasa anayemletea chakula ni Benedikta, na Shangazi anakila kama dawa.

Sahani yako niliila mimi, Ghalibu. Haikuwa na kasoro hata moja. Nimemwambia hivyo, ananijibu kwamba mimi nala chochote. Sifa zangu hazimfai. Anayetakiwa ni yule aliyesema.

Dada yetu Fakhria anakusalimu, na mumewe Bader. Benedikta naye anakusalimu, ingawa anajuta kuufungua mdomo. Mungu akulinde katika safari zako, akupe riziki inayoliwa nyumbani.

Nakutaka Ijumaa ya tarehe 13 Juni. Uingie kwa mlango wa jikoni, si wa sebuleni, na umwambie una njaa. Nauli kama ni tatizo natoa mimi. Usinitumie habari za ratiba wala za bosi wako. Nijibu neno moja kabla ya Jumatano tarehe 11, saa kumi jioni, nipate kuagiza nyama. Unakuja kula, au nimwambie kwa kinywa changu kwamba ulisema kweli?

Wako akupendaye, na aliyekukasirikia,
Kaka yako Azhar