Kila Kichwa Ninachosuka Kina Dawa Yake ya Kibofu

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono maana nimechanganyikiwa mpaka sijui nianzie wapi, mimi ni msusi, nimeolewa, nina binti mmoja anayesoma darasa la kwanza, na kwa muda mrefu sasa nasumbuliwa na maumivu ya kibofu ambayo hayaeleweki, yanaanzia chini ya kitovu yanabana, nakimbilia chooni natoa matone tu, nikirudi nikishika tena nywele za mteja nasikia haja upya, na siku mbaya hata kukaa kwenye kigoda siwezi, nasimama kwa mguu mmoja mmoja.

Hospitali nimekwenda, usidhani sikwenda, kila wakipima mkojo wanasema ni msafi, mara ya kwanza wakanipa vidonge hivyo hivyo, havikusaidia, niliporudi daktari akaniangalia kwa juu ya miwani yake akasema, "Dada, punguza mawazo, huna kitu," nikatoka pale najiona mwongo, nikawa najiuliza labda kweli najidekeza, lakini mtu anajidekeza vipi mpaka analia chooni peke yake.

Sasa wewe unaijua kazi ya ususi, mtu akishakaa kwenye kiti changu ni nusu siku, na nusu siku nzima tunatazamana kwenye kioo, hakuna pa kuficha uso, nikikunja sura tu anauliza una nini, nikisema kibofu basi nimekwisha, kila kichwa kina dawa yake. Kuna mama anayeuza mitumba aliniletea siki ya tufaha, niichanganye na ndimu ninywe kabla sijatia kitu tumboni, kuna mwalimu wa chekechea akaniambia maji mengi ndiyo yanayochosha kibofu kwa hiyo mchana nisinywe kabisa, nami nikaona hiyo inanifaa maana huwezi kumwacha mteja katikati ya kichwa, kuna binti wa benki akanifundisha kulala chali na kupumua taratibu mkono ukiwa tumboni, kuna mwingine akaja na unga wa kijani ndani ya kopo la jamu ambao mpaka leo sijui ni majani ya nini, na mshauri, shida yangu mimi ni kwamba mteja siwezi kumdanganya, kwa sababu atarudi kufumua na kusuka upya, na hata kabla hajakaa vizuri ataniuliza ile dawa imekusaidia, na nitamjibu huku ananitazama kwenye kioo, basi nazitumia zote ili kila mmoja nimjibu kweli.

Halafu kuna mama mkwe, ambaye ndiye hasa amenifanya niandike, tunaishi naye nyumba moja, na siku ile niliyorudi na "huna kitu" yangu aliniona nimejikunja kwenye mkeka wa jikoni akakaa chini na magoti yake mabovu akasema, "Mwanangu, mimi naona una kitu," na, mshauri, nililia siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, tangu hapo ananichemshia mizizi yake asubuhi na jioni, michungu haina mfano, na ananiwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo.

Sasa juzijuzi saluni ilifungwa wiki nzima kupakwa rangi, nikakaa nyumbani, na ajabu maumivu yakapungua karibu yaishe, nikalala kama mtoto, mama mkwe akafurahi akasema unaona mizizi inafanya kazi, na mimi nikaamini, tumefungua tu saluni yakarudi palepale na mizizi nanywa ile ile, nikamwacha mteja na kichwa nusu nikajifungia chooni, mwenye saluni akaniambia nikirudia tena kazi yangu itaota nyasi.

Mama mkwe sasa amemwendea mtu wake wa dawa akarudi na iliyo kali zaidi, masharti yake ni nisiguse dawa nyingine yoyote na nisikanyage hospitali mpaka niimalize, anataka nianze Jumapili, na Jumanne inayofuata nina miadi na mtaalamu wa kibofu hospitali kubwa, miadi niliyoingoja mpaka nikakata tamaa, nikikosa sijui watanipa tena lini. Nikimgusia habari ya mtaalamu anainamisha kichwa, alikuwa na mdogo wake wa kike, naye alilalamika tumbo, naye aliambiwa hospitali kwamba ni mawazo tu, na alifariki, sasa nikienda naona kama namwambia yule mtu pekee aliyeniamini kwamba mimi simwamini, na nisipoenda naogopa ninachobeba tumboni, mume wangu ni fundi friji, mtu mpole, nikimuuliza anajibu, "Fanya unavyoona," na mimi ndiye nisiyeona kitu. Je, ni mizizi iliyonisaidia wiki ile, au kupumua, au chupa ya moto, au rangi ya saluni? Nishike lipi?

Ni mimi msusi, kichwa changu mwenyewe kimefumuka.

*

Mwanangu msusi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, nikitafuta unameza nini na saa ngapi. Nimeshindwa. Kama mimi niliyekaa kitini nimetulia nimeshindwa, hicho kibofu chako kitajuaje kinachokipata?

Pole sana, na pole hiyo ni ya kweli. Kabla sijakujibu nilimuuliza daktari ninayemwamini, maana mimi kazi yangu ni maneno, si vibofu. Akasema kibofu kinaweza kuuma miaka na mkojo ukabaki msafi kabisa. Maumivu hayo yana wataalamu wake, na aliyekuambia huna kitu alipaswa kusema "sijaona kitu", kisha akupeleke kwa anayejua kutafuta. Hujidekezi. Toa hilo kichwani leo.

Nimeshamaliza kukuonea huruma, sasa kaa vizuri. Unakunywa siki na ndimu juu ya tumbo tupu, unashinda kutwa bila tone la maji, unabana mkojo mpaka kichwa cha mtu kiishe, halafu unashangaa kibofu kinawaka? Daktari wangu alishika shavu nilipomsomea pale. Vitu vikali kama hivyo huwachoma wengi wenye shida yako, na mkojo uliokosa maji huwa mkali vilevile. Mwalimu wa chekechea abaki na watoto wake.

Uliuliza ni nini kilikusaidia wiki ile. Tazama mwenyewe. Mizizi uliinywa wiki ile, na ukaendelea kuinywa saluni ilipofunguliwa, maumivu yakarudi. Kilichobadilika ni kwamba hukuwa kazini. Wiki ile nani alikukataza kwenda chooni? Nani alikutazama kwenye kioo akuulize habari ya siki yake? Sina hakika, na wewe usijipe hakika, lakini hapo ndipo pa kuanza kutafuta, na mtaalamu anahitaji kulisikia hilo neno kwa neno. Nina wasiwasi mkubwa kwamba wale madaktari wa kwanza hukuwaambia hata moja ya hizi dawa. Uliwaficha kwa aibu, sivyo? Basi walipima mkojo wa mtu mwingine kabisa, mtu anayekunywa chai na maji kama sisi wengine.

Kwa hiyo sikiliza. Siki, ndimu, unga wa kopo na mizizi, vyote unaacha leo, na hiyo dawa kali huianzi Jumapili wala siku nyingine. Sisemi kila mti ni sumu. Nasema hujui ni mti gani, na figo zako ndizo zitakazolipia. Mtu wa dawa anayekukataza usionane na mtu mwingine yeyote, mwanangu, huyo anajilinda yeye. Dawa ulizoandikiwa hospitali, kama bado unazo, usizitupe wala usiziongeze mpaka Jumanne. Kupumua kwa binti wa benki endelea nako, ni kuzuri, na chupa ya moto pia, ila taulo lisikose. Maji kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Muulize mtaalamu kuhusu mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, yapo, na yanafundishwa na watu waliosomea. Baadaye ukitaka kujaribu kitu cha asili, jaribu kimoja, umwambie daktari, ukipe muda, ndipo utajua kinasema nini. Na ukiona damu kwenye mkojo, au homa ikikupanda, au mkojo ukagoma kutoka, usingoje Jumanne.

Kazini, ongea na mwenye saluni kabla hajaongea yeye. Mteja anapokaa mwambie mapema kwamba katikati ya kichwa mtapumzika wote wawili, naye anyooshe shingo. Hakuna atakayekataa, shingo zao zinawauma ila wanakuogopa. Na atakayekuuliza habari ya dawa yake, mjibu, "Sitaitumia, naonana na daktari." Huo ni ukweli, unaweza kuusema ukiwa unamtazama kwenye kioo. Mteja umempa mikono yako imsuke nywele, tumbo lako halimo kwenye bei.

Sasa mama mkwe, ambaye nampenda ingawa sijamwona. Haogopi hospitali kwa ujinga. Anaogopa neno lile lile walilomwambia mdogo wake, kisha wakakuambia wewe. Mizizi ndiyo njia pekee aliyoiona ya kuepuka kukuzika. Ukimwambia "mama, dawa yako haifai", utakuwa umemfungia mlango wa pili, wa kwanza hospitali walishaufunga. Usimwambie hivyo. Kaa naye chini kwenye mkeka ule ule wa jikoni, umwambie unaogopa, na kwamba Jumanne hutaki kwenda peke yako ukaambiwa tena huna kitu na asiwepo wa kubisha. Mwombe mwende wote. Tia mizizi yake kwenye mfuko, na kopo la jamu, na chupa ya siki, viwekwe mezani kwa mtaalamu bila aibu. Mama aeleze mwenyewe alichokiona jikoni siku ile.

Na muuguzi akisimama mlangoni akasema wasindikizaji wabaki nje, mwambie huyu hakuja kunisindikiza, huyu ndiye aliyeniamini kwanza.