Nani Aling'oa Vigingi vya Amana ya Harrison

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Garsen
Tarehe: Jumatano, 12 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi
Kuhusu: Kung'olewa vigingi vya mpaka katika shamba la amana ya marehemu Harrison, Idsowe
Jina: Gershom Babwoya
Umri: Miaka 76 kwa kitambulisho. Shahidi anasema aliyeandika kitambulisho hakuwepo siku aliyozaliwa.
Kazi: Mkulima. Zamani mvushaji watu kwa mtumbwi.
Makazi: Idsowe
Lugha: Kiswahili, kimeandikwa vile alivyosema.

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Shule sikuenda, lakini ulizia Idsowe nzima kama kuna mtu alinishinda kwa maneno. Hayuko. Aliyekuwepo alikufa, na hata yeye alikuwa anaelekea kushindwa.

Koplo Abdiaziz ameniambia niseme niliyoyaona kwa macho, si niliyoyasikia, na si niliyoyafanya ujanani. Hapo amenikata maneno zaidi ya nusu, lakini kalamu iko kwake. Tena amefunga, mwezi huu wa Ramadhani, na mimi nilikuwa nimeshaomba chai. Chai nimeiacha. Iandikwe nimeiacha kwa hiari.

Nimeitwa hapa kwa ajili ya mdomo wangu mwenyewe. Jana asubuhi kwenye kijiwe cha bodaboda hapa Garsen nilisema mimi ndiye niliyeng'oa vigingi vya shamba la Harrison. Nilisema niling'oa kwa mkono mmoja, huo mwingine nimeshika mswaki. Si kweli. Sikung'oa hata kimoja. Vijana walikuwa wanauliza ni nani huyo jasiri, na mimi nikisikia neno jasiri huwa nadhani naitwa.

Sasa nianze mwanzo ili Koplo asipotee.

Marehemu Harrison alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Aliacha watoto watatu: Nicholas, anauza mabati na misumari hapa Garsen, Masha, analima pale Idsowe, na Dorothy, kitinda mimba. Dorothy hasikii tangu kuzaliwa na hasemi kwa mdomo. Akili yake ni nzima kuliko yangu. Tunaongea kwa ishara, na kila mtu amempa jina la mkono. Jina langu ni vidole vinavyofunguka na kufunga kama mdomo wa bata. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Kabla hajafa, Harrison aliweka shamba kwenye amana, hiyo vijana wanaita trasti. Nilikuwepo siku alipoiweka, kwa hivyo hili nimeliona. Alisema shamba lisiuzwe, watoto wote wale humo, wadhamini wawe Nicholas na Masha, na Dorothy akae kwenye nyumba yake na atumie njia yake ya maji mpaka mwisho wa maisha yake.

Hiyo njia ya maji ndiyo kesi yenyewe. Mto wetu una mamba na viboko. Mimi na wewe tunasikia kiboko akikohoa, tunakimbia. Dorothy hasikii. Kwa hivyo babake alipiga miti ndani ya maji, akazungusha ua wa nguvu, ndani yake msichana anateka maji na kuoga bila hofu. Mahali pengine mtoni hatumwachi ashuke. Hapo ndipo mlango wake wa kuingilia mtoni. (Shahidi hapa alitaka kueleza namna alivyomgeuza kiboko kwa kafi mwaka wa mafuriko. Nimemwomba aendelee mbele. Koplo A.)

Nicholas na Masha hawapatani. Sisemi wabaya, nimewabeba wote mgongoni. Masha anataka kulima ndizi kwa pampu, Nicholas anataka kupangisha watu walime mpunga. Wadhamini ni wawili, kila mmoja anavuta kwake, basi shamba limekaa nyasi. Mwaka huu wakakubaliana jambo moja kwa mara ya kwanza: amana ikatwe iwe amana mbili, kila mmoja asimamie yake.

Mnamo tarehe 10 Machi, siku ya Jumatatu, majira ya saa tatu asubuhi, tulikaa kwenye banda la jiko la Masha. Alikuwepo wakili Nuriya, ametoka Malindi, na mpima ardhi, na Gladys mke wa Nicholas. Mimi sikualikwa. Huwa sialikwi, huwa nakuta watu wameshakaa.

Wakili akasema, "Amana moja kuwa mbili inawezekana. Lakini kila amana mpya ibebe masharti ya ile ya zamani. Asiwepo mtu wa kupunguziwa alichopewa na marehemu. Na kila anayefaidika aambiwe na apewe nafasi ya kusema, kabla sijaandika lolote. Dorothy yuko wapi?"

Nicholas akasema, "Yuko kwake. Huyo tutamwambia."

"Mtamwambia lini?"

"Wakili, dada yetu ni bubu. Atasema nini?"

Wakili akasema, "Kwani nimeuliza kama ana sauti? Nimeuliza kama ameambiwa."

Nikasema mimi naweza kumtafsiria. Nicholas akacheka. Akasema, "Baba mkubwa, wewe hata anayesikia humtafsiri sawasawa. Dorothy atainua kidole kimoja, wewe utatuletea hadithi ya siku mbili." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma, kwa sababu ni kweli na kwa sababu haikuwa mara ya kwanza.

Wakili akasema atarudi Jumanne saa tisa alasiri kumsikiliza Dorothy mwenyewe. Lakini mpima ardhi alikuwa ameshakodiwa kwa siku hiyo, ndugu wakamwambia aendelee kupima. Akapiga vigingi, nondo fupi zimepakwa rangi nyekundu mbichi, zikisubiri saruji.

Koplo, wewe ni mtu wa Wajir, shamba kwenu linatembea kwa miguu minne na lina nundu. Kwetu shamba linaanzia majini, linapanda ukingo penye ndizi na maembe, halafu linashuka nyuma kwenye bonde la mpunga. Kila mtu na ukanda wake, hata ukiwa mwembamba kama mshipi, kichwa kiko mtoni na mkia uko mpungani. Shamba lisilogusa mto kwetu ni mahali pa kuanika nguo.

Ndugu wakagawana hivyo hivyo, ukanda wa Nicholas na ukanda wa Masha, kila mmoja na mto wake. Kwao walikumbuka. Lakini mstari wa vigingi ulipita katikati ya nyumba ya Dorothy na njia yake. Nyumba ikaangukia kwa Nicholas, njia na ua wa majini ukaangukia kwa Masha. Na Masha alikuwa ameshaleta seng'enge ya kuzuia ng'ombe. Nilimuuliza, "Na Dorothy atapita wapi?" Akasema, "Si yuko upande wa Nicholas? Nicholas amchimbie kisima." Nikamuuliza Nicholas. Akasema, "Njia ni ya Masha. Masha aache mlango." Kila mmoja alikuwa na jibu zuri.

Dorothy alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama mpima ardhi akipiga nyundo. Hakuna aliyemweleza. Mimi nilimweleza. Nikafanya ishara ya nyumba, ishara ya Nicholas, ishara ya mto, ishara ya Masha, halafu nikakata katikati kwa kiganja. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mnamo tarehe 11 Machi, Jumanne, jua linachomoza, nilikuwa kwenye mtumbwi wangu nikitoa mtego wa kambare karibu na ule ua. Nikamwona Dorothy anatoka na jembe. Alikwenda kwenye kigingi cha kwanza, akachimba kidogo pembeni, akakivuta kwa mikono miwili. Halafu cha pili. Hakujificha. Alifanya kama mtu anayeng'oa magugu. Alipomaliza vyote alivibeba begani, akaja mpaka kwenye ua wa majini, akaanza kuvipiga upya kwa kisigino cha jembe. Mstari mmoja huku, mstari mwingine huku, kutoka majini, kupita nyumba yake, kwenda nyuma mpaka mpungani. Akawa amekata ukanda wa tatu. Mwembamba. Mimi ningejikatia mkubwa zaidi.

Aliponiona akafanya bata, akaweka kidole mdomoni. Maana yake nyamaza. Nikaitikia.

Nikanyamaza mpaka Garsen. Na hata Garsen sikumtaja Dorothy, nilijitaja mimi. Kwa hiyo utaona ahadi sikuivunja kabisa. Lakini maneno yale yalimfikia Nicholas dukani kabla sijapanda pikipiki ya kurudi, akaja hapa kituoni kushtaki.

Siku hiyo hiyo saa tisa tukakaa tena kwa Masha, na mpima ardhi amerudi na kamba yake. Nicholas alikuwa na hasira. Akasema, "Wakili, vigingi vimeng'olewa, na mwenyewe huyu hapa, amejitangaza mjini."

Nikasema, "Si mimi."

"Asubuhi ulisema ni wewe."

"Asubuhi nilikuwa najisifu."

Masha akasema, "Na sasa?"

"Sasa nasema ukweli."

Wakatazamana. Koplo, mimi nimesema mambo mengi maishani na watu wameamini nusu yake. Siku hiyo nilisema neno moja la kweli, hakuna aliyelichukua. Nilitafuta namna ya kuapa, nikakumbuka viapo vyote nimeshavitumia kwenye hadithi ya kiboko.

Dorothy alikuwa ameketi karibu na Gladys. Hakusikia tunasema nini, lakini aliona vidole vyote vinanielekea mimi. Akasimama. Akaja katikati, akafungua viganja vyake mbele ya Nicholas. Vilikuwa vyekundu, ile rangi ya vigingi haitoki kwa sabuni. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Halafu akamshika Nicholas mkono, na Masha huku, akawapeleka nje kama watoto. Sote tukafuata. Akaanzia kwenye ua wa majini. Akaupiga ule mti kwa kofi, akafanya ishara ya babake, yaani mkono kwenye kofia. Akatembea kwenye ukanda wake, akapita nyumba yake, akaenda mpaka mpungani. Kila hatua alikuwa anatazama nyuma kuona kama wanakuja. Kule mwisho akamwonyesha Nicholas ukanda wake, mto uko, mpunga uko. Masha hivyo hivyo. Halafu akajigonga kifua, akaonyesha kichwa cha shamba na mkia wa shamba. Hata mtoto mdogo wa kwetu Wapokomo angeelewa. Alikuwa anasema, na mimi pia ni mtu wa mto.

Nicholas alikaa chini pale pale kwenye majani. Akasema, "Nilikuwa nadhani tunagombania ni nani atakayembeba."

Masha akamuuliza wakili, "Sheria inasema ziwe mbili tu?"

Wakili Nuriya akasema, "Sheria haijataja mbili. Mbili mlizitaja nyinyi. Zinaweza kuwa tatu, kama masharti ya baba yenu yanabaki na kila mmoja amekubali. Huyu ameshasema lake. Nyinyi je?"

Masha akasema seng'enge atairudisha dukani, na kwa kuwa duka ni la Nicholas, arudishiwe bei yote. Nicholas akacheka, akasema, "Umeshaikunjua, nitakupa nusu." Hapo nikajua mambo yametengenea. Hao wawili hawakuwa wametaniana tangu mazishi ya baba yao.

Halafu wakili akasema amana ya Dorothy inahitaji mdhamini anayemwamini, achague. Nikamtafsiria, safari hii hakuna aliyenizuia. Dorothy akafikiri. Akainua mkono, akafanya bata.

Nilisimama. Nilirekebisha kofia. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kushukuru.

Dorothy akatikisa kidole: huyo hapana. Akafanya bata tena, akatikisa kidole tena, ili kila mtu aone. Watu walicheka mpaka mpima ardhi akadondosha kamba. Halafu akamgeukia Gladys, mke wa Nicholas, akafanya jina lake, viganja viwili vinavyopiga chapati. Gladys akajifunika uso kwa leso. Nicholas alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akasema, "Amechagua vizuri." Ni kweli. Gladys ndiye anayempelekea chakula akiwa na homa, na wala hasemi.

Kwangu mimi Dorothy alibakisha kazi moja. Alinifanyia bata, akaonyesha vigingi, akaonyesha upande wa Garsen. Nilimuuliza mara mbili ili nisitunge. Alikuwa anasema, kaseme wewe, kwa mdomo huo huo.

Basi nimekuja, na nimesema. Aling'oa Dorothy, waziwazi, kwenye shamba la babake, kwa ajili ya njia aliyopewa na babake. Nikiitwa mahakamani nitakwenda, na hadithi ya kiboko nitaiacha nyumbani.

Niliyoyaona yameishia hapo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimesikia, ni yangu, isipokuwa umri.

Dole gumba la kushoto: GERSHOM BABWOYA

MAANDIKO YA AFISA
Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Abdiaziz, na kumsomea shahidi. Amekubali na kuweka dole gumba mbele yangu. Saa sita kasorobo mlalamikaji Nicholas amefika kituoni na mkewe Gladys na dada yake Dorothy, akaomba malalamiko yake yasiendelee. Ombi lake nitalipeleka kwa mkuu wa kituo. Wakati nikiandika haya, Dorothy amesogea kaunta, ameonyesha karatasi hii, na kufanya ishara ya mdomo wa bata. Nimemuuliza Gladys anasema nini. Gladys amenijibu kwamba anataka kujua kama mzee amesema ukweli.

Nimemwitikia kwa kichwa.