Meza Yetu Juu ya Kaburi la Babu

Mpendwa kaka Mugisha,

Hadi Jumamosi iliyopita sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama, kwamba raketi yako ninayo. Damu yako imekaukia kwenye ile raba ya kandambili uliyoibandika juu yake. Niliificha nyuma ya vitabu vyangu siku ulipoondoka hapa Ijuganyondo kwenda kwa mjomba, Muleba.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha maktaba ya shule kwamba mpira wa meza ni mchezo wa kila mtu, mzee kwa mtoto, mwenye nguvu na asiye nazo. Ukaniuliza meza iko wapi. Kisha ukatazama kibanjani, katikati ya migomba, alipolala babu, na ile saruji ya kaburi lake iliyosakafiwa vizuri kuliko nyumba yetu. Ukakaza kamba ya mgomba juu yake, ikawa wavu.

Kwa kuwa kaburi ni fupi, tulicheza tumepiga magoti. Ndipo ukaenda kumbeba Koku wa jirani, ambaye miguu yake haijawahi kumsimamisha. "Hapa hakuna mwenye miguu," ulimwambia. Haukupita muda akawa ananifunga kila jioni, akinishauri nirudi kwenye vitabu, waitu, ndugu yangu, mpira hausomwi. Bibi alituangalia kutoka kwenye mkeka wake akicheka. Alisema mumewe hakuwahi kupenda kimya.

Baba alirudi mapema kutoka Kemondo, akatukuta. Aliokota mpini wa jembe.

"Mnampiga baba yangu kichwani?"

Hakupaza sauti. Pigo la kwanza lilikupata mdomoni. La pili lilivunja mshikio wa raketi uliyojikinga nayo. Nilimng'ang'ania mguu, akanirusha kwenye migomba. Koku hakuweza kukimbia. Baba alipomgeukia, ulimlalia, na mpini ukashuka mgongoni kwako, mabegani, kwenye mkono, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Bibi alilia kwa Kihaya akimwita marehemu. Baba aliacha alipochoka. Akasema atakayecheza pale tena atazikwa palepale.

Kaka, mimi ni yule yule wa kuongea chini chini. Lakini nikimwona anamenya ndizi kwa utulivu, kwa mikono ile ile, ngumi zangu hujikunja chini ya meza. Na Koku alikuwa hatoki ndani tena. Aliamini mkono wako ulivunjika kwa sababu yake. Nilipopita, alifunga pazia.

Jumamosi nilifunga raketi yako kwa waya, nikaenda kwao. Nikampa raketi. Aliigusa ile damu iliyokauka.

"Nibebe," akasema.

Nilimbeba mgongoni hadi kibanjani, nikafunga kamba, tukapiga magoti. Hatujacheza sana, baba akatokea kwenye migomba na jembe lake. Sikuinuka. Mpira ulinipita, ukabingirika hadi miguuni pake. Akaukanyaga huku akinitazama, ukapasuka.

Nikatoa mwingine mfukoni, nikampigia Koku. Akaurudisha kwa nguvu.

Mkono wako upone, kaka. Nafasi yako upande wa migomba hatujampa mtu.

Mdogo wako,
Alinda